Je, Wajua? Tarumbeta ya Kraków hukatika kabla wimbo haujaisha

Ukiwa katika uwanja mkuu wa soko wa Kraków, Poland, saa yoyote inapotimia, inua macho kwenye mnara mrefu wa Kanisa la Mtakatifu Maria. Dirisha dogo hufunguliwa, mdomo wa tarumbeta hujitokeza uking'aa, na wimbo mfupi uitwao hejnał husikika. Hupigwa mara nne, kuelekea pande nne za mji, usiku na mchana. Na kila mara hukatika ghafla.

Wenyeji husimulia kwamba Watatari walipouvamia mji mwaka 1241, mlinzi aliyekuwa akipiga tarumbeta kuwaamsha watu alipigwa mshale wa koo. Ni hadithi tamu, lakini ilivuma hasa karne ya 20, kupitia kitabu cha Mmarekani Eric P. Kelly cha mwaka 1928.

Wapigaji wa leo ni askari wa zimamoto, na inastahili hivyo, kwa kuwa walinzi wa zamani wa mnara huo walikuwa wakichungulia moto mjini. Tangu 1927, redio ya Poland hurusha wimbo huo saa sita mchana. Ukiisha, mpungie mpigaji mkono; mara nyingi naye hukupungia.