Jiwe liko Kibaha, mnunuzi yuko Chicago

Kisarawe haina Mirerani yake ya tanzanite. Madini yanayoitambulisha wilaya hiyo ni kaolini, ule udongo mweupe wa milima ya Pugu, na mapango yaliyoachwa na wachimbaji wake leo yamekuwa makazi ya popo. Kibaha nayo hutajwa kwa viwanda, kwa Shirika la Elimu na kwa pilikapilika za Maili Moja. Hakuna anayekwenda huko kutafuta vito.

Lakini vito hupita Kibaha. Barabara ya Morogoro ndiyo njia ya mawe ya Mahenge na Matombo kuelekea Dar es Salaam: spineli na rubi zilizofungwa katika vikaratasi vilivyokunjwa mara tatu, mzigo wa mamilioni ambao hauzidi ukubwa wa kiberiti. Mwaka 2007, Ipanko karibu na Mahenge zilipotoka fuwele kubwa za spineli nyekundu, mojawapo ikiwa na uzito wa kilo 52, wanunuzi wa dunia walijifunza jina la mji ambao hata Watanzania wengi hawajafika. Bidhaa ndogo kiasi hicho haihitaji fremu Kariakoo. Inahitaji chumba chenye dirisha zuri, mizani, simu na mtu mwaminifu. Vyote hivyo vinapatikana Kibaha na Kisarawe kwa kodi nafuu, na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere hauko mbali.

Swali linalomsumbua anayeanza ni moja: aweke mawe yake kwenye soko la mtandaoni la watu wengine, au ajenge tovuti yake?

Tuchukue mfano wa kubuni. Dada mmoja wa Picha ya Ndege, Kibaha, ana spineli 20 zilizokatwa na kung'arishwa, kila moja anaiuza dola 200. Akiwa na duka kwenye soko la mtandaoni la Etsy, atalipa senti 20 kuorodhesha jiwe moja, kisha asilimia 6.5 ya bei litakapouzwa, yaani dola 13. Mteja akiwa amefika kupitia tangazo ambalo Etsy wenyewe wameliweka nje ya soko lao, inakatwa asilimia 15 nyingine: dola 30. Hadi hapo dola 43 na senti 20 zimekwenda, na bado hajagusa gharama ya kupokea fedha wala ya kusafirisha. Muuzaji mdogo anaweza kujitoa kwenye matangazo hayo. Akishavuka mauzo ya dola 10,000 kwa mwaka, tozo inashuka hadi asilimia 12, ila ruhusa ya kujitoa inaondoka nayo.

Mbona watu wanalipa? Kwa sababu wanachonunua pale ni imani. Mtu wa Chicago hajui Kibaha iko wapi, ila anajua kwamba jiwe lisipofika, soko litamrudishia fedha zake. Imani hiyo, ambayo duka la Samora Avenue liliijenga kwa miaka thelathini ya kusalimiana na wateja, dada wa Picha ya Ndege anaikodi kwa siku moja. Si ghali sana ukiitazama hivyo.

Tatizo ni kwamba mwenye fremu ndiye anayepanga kodi. Aprili 2022 Etsy ilipandisha tozo yake ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5. Maelfu ya wauzaji waligoma wiki nzima, wakafunga maduka yao ya mtandaoni kwa hiari. Tozo ikabaki palepale. Kwa mtu mwenye mauzo ya dola 10,000, hilo ni pengo la dola 150 kwa mwaka, ambalo hakulikubali wala kulipigia kura.

Mwenye fremu anaweza pia kuondoka kabisa. Mwishoni mwa Novemba 2019 soko la mtandaoni la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania, na wauzaji waliokuwa wameliegemea wakabaki na bidhaa mkononi wakiwatafuta upya wateja wale wale.

Wafanyabiashara wa vito wana kumbukumbu chungu zaidi, ya kabla ya simu janja. Mwishoni mwa 2001, gazeti moja kubwa la Marekani lilipoihusisha tanzanite na mtandao wa al-Qaeda, kampuni ya QVC, inayouza vitu kupitia televisheni, iliacha kuiuza. Zale, wenye maduka ya vito, wakafanya vivyo hivyo. Jiwe lilikuwa lile lile, Mirerani ilikuwa ile ile, ila mlango mkubwa wa kuuzia ulifungwa na mtu aliye ng'ambo. Februari 2002 viongozi wa biashara hiyo walikutana Tucson, Arizona, wakakubaliana utaratibu wa kuonyesha jiwe limetoka wapi na limepita mikononi mwa nani. Wachimbaji wadogo hawakuwa na njia ya kuzungumza na wanunuzi wao wa mwisho. Hawakujua hata majina yao.

Hapo ndipo hoja ya tovuti inapopata uzito. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa muuzaji wa mtandaoni daftari si la mawe tu, ni la wateja. Sokoni, mteja ni wa soko: ujumbe unapita kwao, na baada ya mauzo mfumo unamwonyesha mawe ya muuzaji wa Jaipur mwenye sifa elfu tano, kwa bei ambayo Kibaha haiwezi kushindana nayo kwa sababu Jaipur wanakata mawe kwa wingi kiwandani. Kwenye tovuti yako mteja anaacha jina na anwani, na mwakani ukipata jiwe la rangi aipendayo unamwandikia moja kwa moja.

Ila tovuti mpya ni kama duka lililofunguliwa katikati ya msitu wa Kazimzumbwi. Ni zuri, safi, halina mtu. Kikoa cha .co.tz hulipiwa kila mwaka, na kujenga kurasa chache si kazi kubwa siku hizi. Kazi ni kumfanya mgeni afike, kisha aamini. Na akishaamini, alipe vipi? Kwa miaka mingi PayPal imemruhusu Mtanzania kulipa, si kupokea, na Tanzania imekuwa nje ya orodha ya nchi zinazohudumiwa na mfumo wa malipo wa Etsy. Ndiyo maana si ajabu kukuta duka la "vito vya Tanzania" linaloendeshwa na ndugu aliye Ulaya au Marekani. Mwenye tovuti ya nyumbani anaweza kuunganisha malipo ya kadi kupitia kampuni kama Pesapal au Selcom, au kupokea fedha benki kwa benki. Mteja wa ndani yeye hutuma kwa simu na mambo yanaisha.

Kadi ina mwiba wake. Mnunuzi akidai jiwe si lile aliloliona, benki yake inaweza kuzirudisha fedha, na muuzaji ndiye wa kuleta ushahidi.

Ushahidi huanzia dirishani. Shika jiwe la karati 1.32 kwa kibano, saa tatu asubuhi, juu ya karatasi nyeupe, jua likiwa halijaligusa moja kwa moja. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hiyo hapo una gramu 0.264, na mizani ya dukani itakuambia sifuri. Kama ni tanzanite, ligeuze polepole: upande huu ni buluu, upande ule ni zambarau. Kamera ya simu hujifanya fundi na kusawazisha rangi yenyewe. Zambarau inapotea, picha inatoka buluu tupu kama wino. Mteja akilipokea jiwe halisi atasema ametapeliwa, na hatakuwa amesema uongo. Anayejua kazi hupiga picha moja dirishani, moja chini ya taa ya nyumbani, na video fupi jiwe likizunguka. Kisha hupiga picha ya karibu ya alama za ndani, vile vijinyuzi na vidoa vinavyoonekana kwa lenzi, kwa kuwa hakuna mawe mawili yenye alama zinazofanana. Jiwe likirudishwa likiwa limebadilishwa, picha hiyo ndiyo shahidi. Na likirudi, linaingia nchini kama mzigo mwingine wowote, forodha nao wana maswali yao.

Kwa mawe ya bei kubwa, cheti cha maabara hupunguza maneno. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambacho pia hufundisha ukataji. Kwa mawe kama hayo ndipo tovuti inaposhinda soko: ina nafasi ya kuweka cheti, video, historia ya jiwe na namba ya leseni ya muuzaji mahali panaposomeka.

Namba ya leseni si pambo. Chini ya Sheria ya Madini ya 2010, Sura ya 123, hakuna anayeruhusiwa kununua na kuuza madini bila leseni, na kuweka jiwe Instagram ni kuliuza. Kuna leseni kubwa ya biashara na leseni ndogo ya udalali. Broka, mwenye leseni hiyo ndogo, huuza ndani ya nchi, kwa wenye leseni kubwa. Kusafirisha nje si haki yake hata kama tovuti yake inapendeza kuliko ya Tiffany. Tangu 2019 serikali imeanzisha masoko ya madini ili mauzo yafanyike yanapoonekana na mrabaha ulipwe: asilimia 6 kwa vito ghafi, na asilimia 1 ya ada ya ukaguzi juu yake. Mwaka 2021 serikali ilielekeza biashara ya tanzanite ifanyike Mirerani, jambo lililomfanya mtu wa Kibaha aangalie kwanza spineli, rubi na mawe mengine ya Morogoro na Ruvuma. Kifurushi kinachotumwa ng'ambo bila kibali cha madini ni magendo, kiwe kimelipiwa Etsy au kwa kadi.

Uamuzi wa mwandishi huyu ni kwamba mwenye mawe chini ya 50 na asiyejulikana hana sababu ya kuikimbilia tovuti kubwa. Mwenye leseni kubwa, na njia halali ya kupokea fedha, aanze sokoni na mawe ya bei ndogo, akubali makato kama kodi ya kujulikana, na ajenge ukurasa mmoja tu wake mwenyewe wenye jina, leseni, picha za kweli na namba ya simu. Mawe ya bei kubwa ayaweke huko. Akishapata wateja kumi wanaorudi bila kusukumwa na tangazo la mtu, apanue. Mwenye leseni ndogo aache ndoto ya Chicago kwa sasa. Ukurasa wake uwalenge wenye leseni kubwa wa Dar es Salaam na Arusha, wanaotafuta jiwe zuri kila siku.

Na wewe unayesoma haya ukiwa Mlandizi au Maneromango, na kikaratasi kimekunjwa mfukoni: kabla hujamlipa fundi wa tovuti hata shilingi moja, nenda kwa Afisa Madini Mkazi ukaulize leseni yako inakuruhusu kumuuzia nani.