Hatua Mbili Kutoka Mlangoni: Sayansi ya Kutembea na Lenzi Pana

Milango mizuri kuliko yote ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imewekwa mahali ambapo mpiga picha hana pa kurudi nyuma. Unasimama Hurumzi au Kiponda, mbele yako mlango wa mbao wa mita tatu, fremu yake imechongwa maua na minyororo, mfaa umesimama katikati ya mabawa mawili, na misumari ya shaba imepangwa safu kwa safu. Unautaka wote. Unarudi hatua moja, unarudi ya pili, na mgongo unagusa ukuta wa nyumba inayotazamana nayo. Kichochoro kimekwisha. Kilichobaki ni hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini watu wengi wanaopenda kuzunguka mjini wakipiga picha huchukua kamera ndogo ya mfukoni yenye lenzi moja pana, isiyovuta karibu wala kusukuma mbali.

Hesabu yenyewe ni ya uwiano tu. Fremu ya filamu ya kawaida, ambayo hadi leo ndiyo kipimo cha kulinganishia kamera nyingine, ina urefu wa milimita 36 na upana wa milimita 24. Lenzi ya milimita 28 huchukua eneo ambalo upande wake mrefu ni umbali wako mara 36 gawanya kwa 28, yaani umbali mara 1.29 hivi. Isimamishe kamera wima, na upande huo mrefu unakuwa kimo. Mlango wa mita 3 utaupata ukiwa mita 2.3 tu kutoka ulipo. Kwa lenzi ya milimita 50, ambayo wengi huiita ya kawaida, utahitaji mita 4.2, na katika kichochoro cha mita 2.5 umbali huo unaangukia ndani ya nyumba ya pili.

Kuna jambo jingine linalofurahisha katika vipimo hivi. Mtu anayeelekeza kamera juu ili akipate kilele cha mlango hugundua baadaye kwamba kuta zinaegemeana kama zinataka kuanguka. Kuta hazina kosa. Kihisi cha kamera kikilala nyuma, sehemu ya juu ya jengo inakuwa mbali nacho kuliko ya chini, kwa hiyo inachorwa ndogo zaidi. Dawa ni kuiweka kamera isimame sambamba na ukuta. Ishike kifuani, kama mita 1.4 kutoka ardhini, ukiwa mita 2.5 kutoka mlangoni: kwa lenzi ya milimita 28 fremu itaishia mita 3 juu, na chini itachukua kizingiti pamoja na kipande cha njia. Mlango unaenea, mistari inabaki wima, na wala hukuinua kichwa.

Kwa nini basi kamera ndogo? Jibu limo ndani ya mwili wa kamera kubwa za zamani. Kati ya lenzi na filamu zilikuwa na kioo cha kuakisi, kinachopeleka taswira kwenye jicho la mpigaji na kuinuka anapobonyeza. Kioo hicho kinataka nafasi, kwa hiyo kipande cha nyuma cha lenzi kililazimika kukaa karibu milimita 40 mbele ya filamu. Lenzi ya milimita 28 ya muundo rahisi inataka kukaa milimita 28 tu. Wahandisi waliutatua mgongano huo kwa kutanguliza mbele vipande vikubwa vinavyotawanya mwanga, kisha nyuma vingine vinavyoukusanya tena; kampuni ya Angénieux ya Ufaransa ilitoa lenzi ya namna hiyo mwaka 1950. Ilikuwa kazi ya akili nyingi, lakini lenzi zikawa ndefu na nzito. Kamera ya mfukoni haina kioo hicho. Lenzi yake inaweza kusogea hadi karibu kabisa na kihisi, na ndiyo maana upana na udogo hupatana humo bila shida.

Ricoh walilifanyia jambo hili kazi kwa subira kuliko wengi. GR1 yao ya filamu, iliyotoka mwaka 1996, ilikuwa na lenzi ya milimita 28, na Mjapani Daido Moriyama alizunguka na kamera za jamii hiyo katika mitaa ya Tokyo kwa miaka mingi. GR III ya mwaka 2019 ina uzito wa gramu 257 pamoja na betri. Lenzi yake ni ya milimita 18.3, lakini kwa kuwa kihisi chake ni kidogo kuliko fremu ya filamu, milimita 23.5 kwa 15.6, pembe inayoiona ni ileile ya milimita 28. Na msomaji asidhani ni lazima anunue kitu. Kamera kuu ya simu nyingi za sasa ina pembe ya kati ya milimita 24 na 28 kwa kipimo hichohicho. Sharti langu ni moja: usiguse kitufe cha kuvuta karibu. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, kifuate kwa miguu.

Nasema hivyo kwa sababu ya kosa ambalo hata wapiga picha wazoefu hulirudia, la kusema kwamba lenzi pana hukuza pua na kurefusha njia. Lenzi haifanyi hivyo. Uwiano wa ukubwa wa kitu cha mbele na cha nyuma huamuliwa na mahali ulipo wewe, basi. Simama palepale, piga kwa milimita 28 na kwa milimita 50, kisha kata kipande cha katikati cha picha ya kwanza: zitalingana, mstari kwa mstari. Kinachobadilika ni kwamba lenzi pana inakuita usogee, na kusogea ndiko kunakobadilisha sura ya dunia. Ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye pua ya mtu, masikio yake yako kama sentimita 42, kwa hiyo pua inachorwa kubwa mara 1.4 kuliko inavyostahili. Rudi hadi mita 1.5 na tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 8. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani, katika jarida la upasuaji wa uso, walikadiria kwamba picha ya kujipiga kwa umbali wa sentimita 30 huonyesha pua pana zaidi kwa asilimia 30 hivi kuliko ya mita 1.5. Wengi wanaoichukia pua yao kwenye simu wanauchukia urefu wa mkono wao.

Pembezoni mwa fremu hali ni tofauti, na hapo lenzi ina sehemu yake. Ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka, lenzi inalazimika kuutandaza mwanga unaoingia kwa mshazari juu ya kihisi kilicho bapa. Mulika kurunzi ukutani moja kwa moja, upate duara. Uinamishe, duara linakuwa yai. Ndivyo kichwa cha mtu kinavyofanywa kwenye ukingo wa picha. Kwa milimita 28, ukingo wa kulia au wa kushoto uko nyuzi 33 kutoka katikati, na hapo kichwa hupanuka kwa asilimia 19 kulinganisha na kimo chake. Kwenye pembe ya fremu hufika asilimia 26. Wachoraji wa Italia wa karne ya 15 walikutana na fumbo hilihili walipochora safu za nguzo na kuona zile za pembeni zinanenepa. Dawa ipo, ingawa ni ngumu kuitumia: picha iliyochapishwa kwa upana wa sentimita 36 itazame kwa jicho moja ukiwa sentimita 28 kutoka kwake, na unene wote utatoweka, kwa sababu sasa jicho liko pale lenzi ilipokuwa. Kwenye kioo cha simu cha sentimita 15 ungelazimika kukikaribia hadi sentimita 12, na macho ya watu wazima wengi hayaoni vizuri karibu kiasi hicho.

Sasa twende njiani. Anayetembea hana muda wa kusubiri kamera itafute fokasi. Mtoto anayekimbia na gurudumu la baiskeli ameshapita. Hapa fizikia ya lenzi fupi inamsaidia kwa ukarimu. Ukubwa wa ukanda unaoonekana wazi hutegemea urefu wa lenzi ukizidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo ukiupunguza kidogo tu faida inakuwa kubwa. Kwa lenzi ya milimita 18.3 yenye tundu la f/8, ukiifunga fokasi kwenye mita 2.1, kila kitu kuanzia kama mita moja hadi upeo wa macho kitakuwa wazi vya kutosha. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye fremu ya filamu, na tundu hilohilo, fokasi ingepaswa kufungwa kwenye mita 10 hivi, na chochote kilicho karibu zaidi ya mita 5 kingekuwa na ukungu. Ndiyo maana mtembezi wa vichochoroni huiweka kamera mita mbili, huiacha hapo, na kuyazoeza macho yake kuupima umbali huo mmoja. Baada ya muda anaujua bila kufikiri.

Mwanga wa Mji Mkongwe unastahili makala yake peke yake. Zanzibar iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba, jua la mchana hupita juu ya utosi. Katika kichochoro cha mita 2.5 kinachoelekea kaskazini na kusini, chenye kuta za mita 10, jua hugusa ardhi pale tu linapokuwa ndani ya nyuzi 14 kutoka wima, yaani kwa muda usiofika saa mbili kwa siku. Saa nyingine zote mwanga unafika chini ukiwa umeshagonga kuta za chokaa. Ni mwanga laini unaowafaa watu na mbao, ila ni haba. Ikiwa juani kamera inataka f/8, ISO 100 na shata ya 1/400, kwenye kivuli kilicho hafifu mara 16 itataka ISO 1600 kwa shata ileile. Shata hiyo usiipunguze ovyo. Mtu anayekatiza mbele yako kwa mwendo wa kawaida wa mita 1.4 kwa sekunde husogea milimita 3.5 ndani ya 1/400 ya sekunde; kwa 1/60 atasogea zaidi ya sentimita 2, na kwa umbali wa hatua mbili hilo litaonekana.

Hatua mbili ni umbali wa kusalimiana. Huwezi kumpita mzee aliyekaa barazani kwa umbali huo ukabaki kimya, hapa wala popote pwani. Unasema shikamoo, unapokea marahaba, unaulizwa unatoka wapi, na kama kuna picha inakuja baada ya hayo. Mwenye lenzi ndefu anaweza kuuchukua uso wa mtu kutoka ng'ambo ya uwanja wa Forodhani bila mwenyewe kujua, na naamini kwa dhati kwamba picha nyingi za namna hiyo zisingepaswa kupigwa. Lakini lenzi pana nayo ina wizi wake. Ukiielekeza mlangoni kutoka mita 2.5 huku umeilaza, inachukua mita 1.6 kila upande. Mama aliyevaa buibui na kusimama kando, akiona kamera inatazama mbali naye kabisa, anaamini hayumo. Yumo, tena kwenye ule ukingo unaonenepesha. Hakuulizwa, na sura yake imeharibiwa. Anayetembea na lenzi hii anapaswa kuijua mipaka yake ilivyo barabarani, siyo kwenye kioo cha kamera tu, na kumsubiri mtu apite au kumwomba ruhusa kama anavyomwomba yule wa katikati.

Upana huohuo ndio unaozipa picha hizi thamani ambayo wapigaji wengi hawaitarajii. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, lakini mawe ya matumbawe na chokaa hayasomi orodha. Hunyonya maji ya mvua na chumvi ya bahari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi ya Sultani Barghash, iliporomoka. Jengo likiharibika, mafundi na wahandisi hutaka kujua lilivyokuwa, na kompyuta leo inaweza kuunda umbo la ukuta kutokana na picha za kawaida: inatafuta nukta moja ileile katika picha kadhaa zilizopigwa kutoka sehemu tofauti, kisha inakokotoa mahali ilipo. Kamera yenye lenzi isiyobadilika inaifaa sana kazi hiyo, kwa kuwa kasoro zake za pembezoni hazibadiliki kutoka picha hadi picha, na programu ikizijua mara moja inazisahihisha zote. Inachohitaji ni picha zinazopishana kwa asilimia 60 hadi 80.

Hilo linawezekana kwa matembezi ya jioni moja. Chagua ukuta wa mtaani kwako, simama mita 2.5 kutoka kwake, shika kamera wima na sambamba nao. Kila fremu itachukua mita 2.1 za ukuta. Piga, songa hatua moja ya kawaida kwenda upande, piga tena: hatua ya sentimita 60 hufanya picha mbili zipishane kwa asilimia 70 hivi. Katika picha mojawapo egemeza ukutani rula au fimbo unayoijua urefu, na zikishaingia kwenye kompyuta andika jina la mtaa na tarehe.