KAZI YA DAKTARI WA MENO SIYO KUNG'OA TU



Wengi wetu viwandani na mashambani humkumbuka daktari wa meno siku ile tu jino linapotunyima usingizi. Mara nyingi tunakuwa tumechelewa, na dawa inayobaki ni kung'oa. Jino la mtu mzima likishang'oka, halioti jingine.

Ubaya huanza polepole. Baada ya kula, ukoga laini hushika kwenye meno. Vijidudu vilivyomo hula sukari ya chai, ya soda na ya muwa tunaoutafuna shambani, kisha hutoa asidi inayotoboa jino. Ukoga usiposuguliwa, baada ya siku chache hushikana na madini ya mate ukawa ugaga, mgumu kama jiwe. Hapo mswaki hauuwezi, wala mkaa hauuwezi. Ufizi huvimba na kutoa damu, mfupa unaoshika jino hulika, na jino hulegea hata kama halina tundu.

Daktari hufanya nini? Kwanza, hutazama meno na fizi zote. Pili, hukwangua ugaga kwa vyombo vya mkono au kwa mashine ya mtetemo inayotoa maji, juu ya ufizi na chini yake. Tatu, husugua meno yawe laini, ukoga usipate pa kushika upesi. Nne, hutuonyesha namna ya kupiga mswaki. Tunayo haki ya kuuliza kama vyombo vimechemshwa kwa mvuke na kama glavu ni mpya.

Wapo wanaosema kusafisha hulegeza meno. Sivyo. Ugaga ukiondolewa, jino lililokwisha kulegea huonekana wazi. Aliyelilegeza ni ugaga, siyo daktari. Damu kidogo na ganzi ya siku chache ni kawaida.

Hapa Kampala, Hospitali ya Mulago ina kliniki ya meno, na Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1982. Mwaka 2001 Serikali iliondoa malipo katika hospitali na vituo vyake, isipokuwa wodi za malipo. Walio mbali waulize kituo cha afya cha daraja la nne kama kina afisa wa meno.

Nyumbani, tupige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Mswaki wa mti nao unafaa ukitumiwa vizuri kila siku.

Lakini mswaki peke yake hautoshi, na ruhusa ya kwenda kliniki haiji yenyewe. Kila tawi lidai matibabu ya meno, pamoja na kusafishwa, yaandikwe katika mkataba wa pamoja, na siku ya kliniki isikatwe mshahara. Mwajiri anayekataa saa chache leo atapoteza siku nzima mfanyakazi atakapolala na shavu lililovimba.

Tusingoje yaume!