JE, WAJUA? Pweza wa Uzi Mnene Bulla Pesa

Bulla Pesa ni mojawapo ya wadi 10 za Kaunti ya Isiolo, na kutoka hapa hadi Bahari Hindi ni zaidi ya kilomita 400. Hata hivyo pweza, kasa na nyangumi wanaweza kuzaliwa mtaani kwa kroshia moja na mabunda mawili matatu ya uzi mnene. Uzi unanunuliwa dukani. Kinachobaki ni hesabu, na hiyo haiuzwi. Je, wajua haya?

KUHUSU UZI

1. Je, wajua kwamba kondoo wa Isiolo hawezi kukupa uzi? Yule kondoo wa kichwa cheusi anayeuzwa mnadani ana nywele fupi, hana sufu. Kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, hupenda baridi ya nyanda za juu: Timau, Molo, Njoro.

2. Ngamia naye? Wa kwetu ana nundu moja na nywele chache. Sufu ya ngamia inayosokotwa kuwa nyuzi hutoka hasa kwa ngamia wa nundu mbili, wanaovumilia majira ya baridi kali ya Mongolia na China.

3. Basi uzi mnene wa dukani unatoka wapi? Mara nyingi unatoka kwenye mafuta ya petroli. Akriliki ilianza kuuzwa kibiashara Marekani mwaka 1950, ilipotolewa na kampuni ya DuPont kwa jina la Orlon. Ule uzi wa saluni unaoitwa Brazilian wool nao ni akriliki. Hakuna kondoo aliyehusika.

4. Je, wajua kwamba unene wa uzi una namba? Kwenye lebo nyingi kuna nembo ndogo yenye namba kuanzia 0 hadi 7. Namba 5 ni uzi mnene, 6 ni mnene sana, na 7 ni ule wa kutisha, unaoweza kufumwa hata kwa mikono mitupu. Kwa mwanasesere wa kubebwa na mtoto, 5 au 6 inatosha.

5. Lebo ikikwambia utumie kroshia ya milimita 8, usiitii. Kipimo hicho ni cha shali na blanketi, vitu vinavyotakiwa kulegea. Mwanasesere anataka kubanwa, kwa hiyo shuka hadi milimita 6 au hata 5, la sivyo pamba itachungulia kila unapomkumbatia.

KUHUSU MKONO

6. Je, wajua kwamba kroshia na sindano za kufumia sweta hazifanani hata kidogo? Sweta hubeba mishono yote kwenye sindano kwa wakati mmoja, na mmoja ukiponyoka mstari mzima unaweza kuteremka hadi chini. Kroshia hubeba kitanzi kimoja tu kilicho hai. Mtoto akilia, weka kazi chini uende. Ukirudi, umepoteza mshono mmoja au hujapoteza kitu.

7. Viwandani hakuna mashine inayofuma kroshia halisi. Watafiti wameunda mashine za majaribio, lakini kitambaa cha kochi, kofia au pweza wa kroshia unayemwona sokoni amepita kwenye vidole vya mtu, mshono kwa mshono.

8. Msusi wa saluni naye ni mtu wa kroshia. Anapopitisha kindoano chini ya mstari wa nywele zilizosukwa, akanasa nywele za bandia na kuzivuta kupitia kitanzi cha nywele hizo zenyewe, anafanya tendo lile lile la mfumaji. Aliyewahi kusuka kwa kroshia anajua tayari nusu ya kazi ya kufuma pweza.

9. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mfumaji. Wakati wa vita vya Makaburu, akiwa na zaidi ya miaka 80, alifuma skafu 8 zilizopelekwa Afrika Kusini kutunukiwa askari.

10. Mshono mmoja, sura mbili. Ukiuzungusha uzi juu ya kroshia kabla ya kuuvuta, mshono huacha alama ya V. Ukiunasa kwa kuushukia kutoka juu, alama huwa X. Mishono ya X hubana zaidi na hula uzi kidogo, ndiyo maana wafumaji wengi wa wanasesere huipenda.

11. Je, wajua kwamba uzi wenye manyoya laini ya mahameli hufumwa kwa kupapasa? Manyoya huficha mishono yote, macho yakawa hayana kazi. Gumba na kidole cha shahada hupita taratibu ukingoni vikitafuta kifundo kigumu kilichojificha katikati ya ulaini. Kroshia huingia pembeni mwa kile kifundo, hunasa uzi, na mkono huvuta polepole, kwa sababu uzi huu ukivutwa kwa hasira hunyonyoka manyoya na kubaki kamba tupu. Mwanzo wa kila mzunguko hufungwa kipande cha uzi wa rangi nyingine. Bila alama hiyo, hata fundi wa miaka mingi hupotea.

KUHUSU HESABU

12. Kwa nini kila mwanasesere huanza na mishono 6? Mshono mfupi wa kroshia una upana unaokaribia kimo chake. Kila mzunguko mpya husogeza ukingo mbali na kitovu kwa kimo cha mshono mmoja, na hesabu ya duara inasema mzingo lazima uongezeke kwa mara 6.28 ya kimo hicho. Namba nzima iliyo karibu ni 6. Hivyo 6, 12, 18, 24, 30: duara linalala bapa. Bibi aliyefuma vitambaa vya kochi maisha yake yote amekuwa akitumia pai bila kuambiwa na mwalimu.

13. Ukiongeza pungufu ya 6, kazi hujikunja kuwa bakuli. Ukiacha kuongeza kabisa, inasimama wima kuwa bomba. Ukipunguza 6 kila mzunguko, inafumba. Kichwa cha pweza, tumbo la nyangumi na gamba la kasa ni hayo tu: kuongeza, kusimama, kupunguza.

14. Na ukizidisha? Ukingo hukosa nafasi, ukaanza kujipindapinda. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitumia kroshia kutengeneza umbo la jiometri ambalo wasomi walihangaika kulionyesha kwa karatasi. Umbo hilo ndilo la matumbawe ya baharini. Mwaka 2005 ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, walianzisha mradi wa kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa uzi, na mwaka 2019 kazi yao ilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice.

15. Je, wajua kwamba akina mama wa Kiborana wanaufahamu mzunguko huu tangu kale? Tazama gorfa, chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi. Msusi huanza na kitako kidogo, akazunguka akipanda, akapanua tumbo, kisha akabana kuelekea shingoni. Hakuna kona wala mshono wa kuunganisha ubavuni; ni mzunguko mmoja kutoka chini hadi juu, uliobanwa mpaka maziwa hayavuji. Mwanasesere wa kroshia hufumwa kwa mpango huo huo. Tofauti ni kwamba gorfa hujazwa maziwa, pweza hujazwa pamba.

16. Uzi ukiwa mnene mara mbili, kwa idadi ile ile ya mishono, mwanasesere huwa mrefu mara mbili. Urefu wa uzi unaotumika nao huongezeka mara mbili hivi. Lakini pamba ya kujaza huongezeka mara 8! Hapo ndipo wanaoanza biashara huumia: wanapiga hesabu ya uzi, wanasahau tumbo. Faida ya uzi mnene ni muda, kwani ukubwa unaotaka unaufikia kwa mishono michache.

KUHUSU USALAMA

17. Macho ya vifungo au ya plastiki hayafai kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Hung'olewa kwa meno, yakaishia kooni. Shona macho kwa uzi mweusi, pweza hatalalamika.

18. Mwaka 2013 huko Denmark ulianza mradi wa kuwapa pweza wa kroshia watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Mtoto hushika mikono ya pweza badala ya kuvuta mipira ya hospitali. Masharti yake ni makali: uzi wa pamba tupu, unaostahimili kufuliwa kwa nyuzijoto 60, na mkono wa pweza ukinyooshwa usizidi sentimita 22 ili usimzunguke mtoto shingoni. Uzi mnene wa manyoya haukubaliki hapo hata kidogo.

19. Badala ya pamba, pwani wapo waliojaza mito na magodoro kwa sufi ya mti wa msufi. Unyuzi wake ni mwembamba, una uwazi ndani uliojaa hewa na nta kwa nje, hivyo haulowi upesi. Kwa sababu hiyo sufi ilitumika kutengeneza maboya ya kuokolea watu baharini hadi enzi za Vita vya Pili vya Dunia.

KUHUSU WANYAMA WENYEWE

20. Pweza ana mioyo 3 na damu ya buluu, kwa kuwa hewa yake hubebwa na madini ya shaba badala ya chuma. Ukimfuma wa buluu, umefuma rangi ya damu yake.

21. Takriban theluthi mbili za seli za neva za pweza ziko mikononi, wala si kichwani. Mkono wake wa uzi nao hujiongoza: fuma mnyororo, kisha rudi ukitia mishono 2 katika kila tundu. Upande mmoja huzidi mwingine, na mkono hujikunja wenyewe bila waya.

22. Kati ya aina 7 za kasa duniani, 5 hupatikana Kenya. Ukimfuma, mapezi ya mbele yawe marefu kuliko ya nyuma. Hayo ndiyo makasia yake. Ya nyuma humwongoza, na jike huyatumia kuchimba shimo la mayai.

23. Nguva, mnyama anayekula nyasi za baharini, ana undugu wa karibu zaidi na ndovu kuliko na samaki yeyote. Ndovu wa Buffalo Springs, hapo hapo Isiolo, na nguva wa Lamu wana babu mmoja wa zamani. Pimbi wa majabalini naye yumo ukooni.

24. Je, wajua kwamba nyangumi aliwahi kufika kaskazini mwa Kenya? Mwaka 1964 mabaki yake yalichimbuliwa Loperot, Turkana, takriban kilomita 740 kutoka pwani ya sasa. Aliishi miaka milioni 17 iliyopita, na inaaminika alipanda mto mkubwa akapotea njia. Mfupa huo ulipotea tena makavazini Marekani hadi ulipopatikana mwaka 2011. Umewasaidia wanasayansi kukadiria ni lini nchi hii ilianza kuinuka na kukauka.

25. Nyangumi wa siku hizi bado wanakuja, ila wanaishia baharini. Kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hupita Watamu wakitoka maji baridi ya kusini.

KUHUSU SOKO NA TAKA

26. Kenya ina historia ya wanyama wa kuchezea. Kenana Knitters ya Njoro, iliyoanza mwaka 1998, huwapa akina mama kazi ya kusokota sufu kwa mkono, kuitia rangi za mimea na kufuma wanyama wanaouzwa ng'ambo. Kampuni ya Ocean Sole nayo huchonga kasa na nyangumi kutoka kwa kandambili zilizotupwa. Wazo lilitokana na watoto wa Kiwayu, Lamu, waliokuwa wakijichongea vya kuchezea kutoka kwa kandambili zilizosukumwa ufuoni.

27. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kufua kilo 6 za nguo za akriliki kwa mashine kunaweza kumwaga zaidi ya nyuzinyuzi 700,000 za plastiki. Baadhi yazo huishia baharini, kwa pweza wa kweli. Mto wetu wa Ewaso Ng'iro kwa kawaida haufiki baharini, huishia kwenye kinamasi cha Lorian. Taka zake hubaki kwetu. Mfue mwanasesere kwa mkono, kwa maji baridi, pale tu anapochafuka.

JARIBU MWENYEWE

28. Je, wajua kwamba kichwa cha pweza huandikwa kwa namba chache tu? Mzunguko wa 1, mishono 6. Wa 2, 12. Wa 3, 18. Wa 4, 24. Kuanzia wa 5 hadi wa 9, baki na 24. Wa 10, punguza hadi 18, kisha jaza pamba mpaka kichwa kikataa kubonyea. Wa 11, 12. Wa 12, 6, ukaze. Halafu mikono: mnyororo wa 20, rudi na mishono 2 kila tundu, mara 8. Shonea chini ya kichwa.

29. Kabla ya kukata uzi, hesabu mikono tena. Ikifika 10 usifumue: ngisi ana mikono 8 na minyiri 2 mirefu. Refusha miwili kati ya hiyo, mwite ngisi, na umuuze bei ya juu.