Faragha ya Video: Kesi Zilizoweka Rekodi

Mama akipigwa video sokoni Kaniama, Kongo, bila kuulizwa, au kijana akitazama sinema kwa simu yake, haki ni ile ile: sura yake na anachotazama ni vyake. Kesi hizi zinaonyesha haki hiyo ilivyowagharimu walioivunja.

Sheria kongwe. Marekani, 1988. Mwaka uliotangulia, gazeti la Washington City Paper lilichapisha majina ya kanda 146 zilizokodiwa na familia ya jaji Robert Bork. Wabunge wakaona hata wao wanaweza kuanikwa, wakatunga sheria inayompa mteja fidia isiyopungua dola 2,500 video alizokodi zikifichuliwa bila idhini yake.

Suluhu kubwa kuliko nyingine hapa. Dola milioni 725, Facebook, baada ya kashfa ya data za watumiaji wake kufika kwa kampuni ya Cambridge Analytica. Kuvunjwa kwa sheria hiyo ya video ya 1988 kulikuwa miongoni mwa madai. Mahakama iliidhinisha suluhu hiyo mwaka 2023.

Mchunguzi wa karibu zaidi. Televisheni za Vizio zilikuwa zikirekodi vipindi ambavyo wenye nyumba walitazama, na habari hizo zikauzwa. Kampuni ililipa dola milioni 17.

Suluhu chungu zaidi kwa wateja. Netflix ilishtakiwa kwa kuhifadhi kumbukumbu za watu waliokwisha kujitoa. Mwaka 2012 ilikubali kulipa dola milioni 9. Fedha zikaenda kwa mawakili na mashirika ya hisani. Mteja wa kawaida hakupata hata senti.

Adhabu ya kwanza Kenya. Shilingi milioni 5, Oppo Kenya, Desemba 2022, kwa kutumia picha ya mtu Instagram bila idhini yake. Halikuhitajika kundi la mamilioni ya walalamikaji: lilitosha lalamiko la mtu mmoja kwa Kamishna wa Kulinda Data wa Kenya.

Adhabu iliyowalinda wadogo zaidi. Mwaka 2023, Roma School ya Nairobi iliamriwa kulipa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Kongo nayo ina msingi wake: ibara ya 31 ya Katiba inalinda maisha binafsi, na Sheria ya Dijitali ya 13 Machi 2023 inalinda data za raia. Sheria isiyotumiwa haimlindi mtu. Ukidhulumiwa, hifadhi video yenyewe, tarehe, jina la ukurasa na majina ya mashahidi, kisha peleka lalamiko kwa maandishi. Mkiwa wengi mliotendewa vivyo hivyo, andikeni pamoja.