Turbo mbili kwa motere moja: nguvu inaongezeka, hatari nayo inaongezeka



Mafundi wengi wa mazutu wanapenda kufunga turbo mbili kwenye motere ya kamyo, kubwa na ndogo, moja nyuma ya nyingine. Wengine wanafanya kazi hiyo katika garaji, chini ya macho ya shefu. Wengine wanaifanya jioni uani kwao, chini ya mwembe, kwa kamyo ya rafiki. Ukurasa huu haukuja kuwafundisha mafundi kazi yao. Umekuja kueleza namna kazi hii inavyoumiza mwili, na namna ya kujikinga.

TURBO MBILI ZINAFANYA NINI?

Turbo ni jambo la zamani. Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Moshi unaotoka katika motere unazungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo limeungwa kwa mti mmoja wa chuma na gurudumu lingine linalosukuma hewa ndani ya motere. Hewa ikiwa nyingi, mazutu mengi yanaweza kuungua vizuri, na nguvu inapanda.

Katika turbo mbili zinazofuatana, moshi unapita kwanza katika turbo ndogo, kisha katika turbo kubwa. Hewa inafuata njia ya kinyume: inaingia kwanza katika turbo kubwa, inakandamizwa, kisha turbo ndogo inaikandamiza mara ya pili. Turbo ndogo inaamka upesi kamyo inapoondoka. Turbo kubwa inaleta hewa nyingi wakati wa kupanda mlima na mzigo.

Sasa angalieni hesabu. Turbo hizi hazijumlishi, zinazidisha. Kolwezi tuko mita 1400 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi: bar 0,85 hivi. Turbo ya kwanza ikiizidisha mara 2, inakuwa 1,7. Ya pili ikizidisha tena mara 2, inakuwa 3,4. Ukitoa ile ya nje, saa ya kupimia itaonyesha bar 2,5 hivi.

HEWA NAYO INAPIGA

Mtu anasema: «Ni hewa tu.» Chukua bomba la hewa lenye upana wa sentimita 10, uzibe mwisho wake kwa kifuniko. Kwa bar 2,5, hewa inasukuma kifuniko hicho kwa nguvu ya kilo 200 hivi. Kikichomoka, kinaruka kama jiwe la manati, na uso wa fundi ndio ulio karibu. Kwa hiyo, ukitafuta mahali hewa inapovuja, tumia hewa kidogo sana, funga kifuniko kwa nguvu, vaa miwani ya kukinga macho, na usisimame mbele ya bomba.

Jambo la pili: mdomo wa turbo usiofunikwa. Motere ikizunguka, gurudumu la ndani linaweza kupita mizunguko 100 000 kwa dakika moja. Linavuta kitambaa, mkono wa shati, kidole. Usiwashe kamwe motere kabla ya kurudisha bomba na chujio la hewa.

MOTO

Kamyo ikivuta mzigo, moshi unaoingia katika turbo unaweza kupita digrii 600. Chuma cha digrii 70 tu kinaunguza ngozi kwa muda wa sekunde moja hivi. Turbo ikizimwa haionyeshi kwamba ni ya moto, ngojeni ipoe.

Kila turbo inakunywa mafuta ya motere kwa bomba lake. Bomba hilo likipasuka au likifungwa vibaya, mafuta yanamwagika juu ya chuma cha moto na yanawaka bila kiberiti. Kamyo nzima inaweza kuungua. Mpitisheni bomba hilo mbali na njia ya moshi, na kizima moto kiwe karibu, kilichokaguliwa.

Mtu akiungua: mtieni maji safi ya baridi, yanayotiririka, kwa dakika 20. Vueni pete na saa kabla mkono haujavimba. Msipake mafuta ya ngazi, wala dawa ya meno, wala udongo. Funikeni kwa kitambaa safi, njooni dispansere.

TUNDU DOGO, HATARI KUBWA

Hewa nyingi inataka mazutu mengi. Kwa hiyo fundi anagusa pia pompi na enjekteri. Hapo kuna adui asiyeonekana. Katika motere za zamani mazutu yanatoka kwa bar 200 na zaidi. Katika zile mpya yanaweza kupita bar 1500. Uzi mwembamba wa mazutu ya namna hiyo unatoboa ngozi na kuingia ndani kabisa.

Fundi mmoja alifika kwetu na alama ndogo kwenye kidole, kama ya sindano. Hakuwa na maumivu mengi. Alitaka bandeji tu arudi kazini. Tulimpeleka kwa daktari wa upasuaji saa ile ile, naye akanung'unika njia nzima. Daktari alifungua kidole na kuosha mazutu yaliyokwisha kupanda mpaka kiganjani. Kidole kilipona. Angelala nyumbani usiku ule, pengine kingekatwa.

Shikeni hili: tundu la mazutu si kidonda kidogo. Usingoje liume. Njoo mara moja, useme wazi: «Mazutu yaliingia kwa nguvu.» Na ukitafuta mahali yanapovuja, tumia kipande cha karatasi ngumu, usitumie mkono.

MOTERE INAPOKATAA KUZIMIKA

Turbo ikivunjika ndani, motere ya mazutu inaweza kunywa mafuta yake yenyewe. Inakimbia, inalia, moshi unajaa. Unakata mazutu, nayo haisikii. Kinachoizima ni kukosa hewa. Fundi aliyefundishwa anaziba mdomo wa hewa kwa ubao au bamba gumu. Hakuna anayeuziba kwa mkono wala kwa tumbo. Tayarisheni bamba hilo kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Asiyefundishwa akimbie mbali, maana motere inaweza kupasuka.

MOSHI NA MAVUMBI

Mwaka 2012, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Dunia walitangaza kwamba moshi wa motere ya mazutu unaleta kansa ya mapafu. Fundi anayeongeza mazutu mpaka kamyo inatoa moshi mweusi anajinunulia ugonjwa, yeye na majirani. Jaribuni motere nje, milango wazi.

Katika kamyo za zamani, vitambaa na karatasi za kuzibia joto vinaweza kuwa na amianti. Msipulize kwa hewa, msikwangue vikiwa vikavu. Lowesheni kwa maji kwanza.

KWENU MAMA WA NYUMBA

Nguo za garaji zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mtoto. Baba avue viatu na nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto. Mazutu yasiwekwe katika chupa ya limonadi: mtoto atakunywa. Akinywa, msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta, mleteni mbio. Na kamyo ikitengenezwa uani, watoto wawe mbali, hata ikiwa imezimwa.

KUMBUKENI

1. Kamyo isimame juu ya miguu ya chuma. Usiitegemee kriki peke yake.
2. Turbo kubwa inaweza kupita kilo 20: muinue watu wawili.
3. Jaza mafuta katika turbo kabla ya kuwasha.
4. Kabla ya kuzima, acha motere izunguke polepole dakika 3 mpaka 5.
5. Usifanye kazi hii peke yako usiku.

Motere iliyovunjika inapata vipande vingine katika magazini. Jicho na kidole havimo katika magazini yoyote.