Robota la Sufu Juu ya Kaburi: Jina na Maana katika Makaburi ya Burford na Swinbrook

Katika mkoa wa Oxfordshire, nchini Uingereza, kando ya mto Windrush, upo mji mdogo wa Burford, na kwa upande wa mashariki kijiji cha Swinbrook. Katika viwanja vya makanisa ya huko yamo makaburi ya mawe yaliyochongwa katika karne ya 17 na ya 18, ambayo mgeni hayapiti bila kusimama. Kila moja ni mfano wa sanduku kubwa la jiwe, na ubavuni mwake pana nakshi na maandishi. Juu ya kifuniko limelazwa jiwe lenye mgongo wa mviringo, kama nusu ya pipa lililolala, nalo limetiwa mifuo kutoka upande hadi upande. Kwenye ncha zake mara nyingi huchongwa kombe la pwani, na pengine fuvu. Wenyeji huliita kaburi la namna hii *bale tomb*, yaani kaburi la robota.

Yafaa kuondoa kwanza kosa moja liwapatalo wengi. Maiti hayumo sandukuni. Amezikwa ardhini kama maiti wengine, na sanduku ni alama tu iliyojengwa juu yake.

Basi, kwa nini robota? Jibu la kawaida ni kwamba nchi ile ya vilima, iitwayo Cotswolds, ilitajirika kwa sufu ya kondoo. Hivyo mgongo ule ni robota la sufu, mifuo ni kamba zilizolifunga, na aliyelala chini ni mfanyabiashara wa sufu. Maelezo haya ni mepesi na yanapendeza. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanafunzi huko, niliyaandika katika daftari langu bila kusita, hata mzee mmoja aliyekuwa akikata nyasi kanisani aliponiuliza kama nimefika Painswick, katika mkoa wa jirani wa Gloucestershire. Huko yako makaburi ya karne ya 18 yaliyosimama juu ya vitako, nayo huitwa kwa jina la kikasha cha majani ya chai. Akataka kujua kama nitaandika kwamba wale nao waliuza chai.

Swali lile lilikuwa la mzaha, lakini ndani yake mna hoja ya isimu. Majina yote mawili yametokana na kufananisha: mtu ameona umbo, akalitaja kwa kitu anachokijua. La Painswick hubaki kuwa mfano tu, kwa kuwa hapana historia ya chai ya kulitegemeza. La Burford limekutana na historia ya kweli ya sufu, likageuka kutoka mfano likawa ushahidi. Wala historia yenyewe hailisaidii sana. Biashara ya kuuza sufu ghafi ng'ambo ilistawi hasa katika zama za kati. Tangu miaka ya 1660 sheria iliipiga marufuku, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka miaka ya 1820. Makaburi haya yalichongwa, basi, wakati utajiri wa nje ulikuwa ukitoka katika nguo zilizofumwa, si katika marobota.

Yako maelezo mengine, nayo naelekea kuyakubali zaidi ingawa hayajathibitishwa. Zamani maiti wa heshima aliwekewa juu yake fremu yenye matao, ikafunikwa kwa kitambaa. Mfano wake ungaliko katika kanisa la St Mary mjini Warwick, juu ya sanamu ya Richard Beauchamp, aliyefariki mwaka 1439: matao ya chuma cha rangi ya dhahabu yamepinda juu ya sanamu nzima. Fremu hiyo iliitwa *hearse*, neno lililotoka katika Kifaransa, ambako maana yake ni haro, chombo chenye meno cha kuvunjia madongoa. Kwani fremu za kwanza zilikuwa na miiba ya kuchomekea mishumaa. Siku hizi neno hilo ni gari la kuchukulia maiti. Msomaji wa Kiswahili hatastaajabu, kwa sababu ameliona neno *jeneza*, lililokuwa machela ya kuchukulia maiti, likiwa kwa wengi sanduku la kuzikia. Tukilitazama jiwe la Burford kwa jicho hilo, mgongo ni kitambaa na mifuo ni mikunjo yake juu ya matao.

Sufu, hata hivyo, haikosekani makaburini. Kwa sheria za mwaka 1666, 1678 na 1680, kila maiti alipaswa kuvikwa sanda ya sufu tupu, isipokuwa waliokufa kwa tauni na maskini wasio na kitu. Faini ilikuwa pauni 5, na shabaha ilikuwa kuwalinda wafumaji wa Uingereza wasishindwe na kitani cha ng'ambo. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1814. Kwa hiyo wengi wa waliozikwa hapo katika miaka hiyo walikuwa na sufu, si wauza sufu peke yao. Nayo ilikuwa mwilini mwao, chini ya ardhi. Wako wanaosema jiwe la juu ni mfano wa sanda hiyo.

Kuamua si rahisi, kwani mawe yenyewe yanaharibika kwa namna ya kusikitisha. Jiwe la chokaa la Cotswolds ni laini litokapo machimboni, ndiyo maana waashi waliweza kulichonga kwa ustadi ule. Kisha hukauka likawa gumu, lakini mvua hulila polepole. Vishikizo vya chuma vinavyounganisha mbao za jiwe hushika kutu, vikavimba na kulipasua. Ubavu wenye maandishi ni mwembamba, nao hutangulia kubanduka. Mgongo ni mnene, nao hubaki. Hivyo jina na kazi ya marehemu, mambo ambayo yangetuambia kama aliuza sufu, hupotea kwanza, likabaki umbo lile lile linalotupoteza.

Miaka kadhaa baadaye nilirudi Swinbrook na daftari langu. Katika kaburi nililokuwa nimeliandika kuwa la muuza sufu, nilipiga magoti nikaelekeza taa ya mkono kwa mshazari ili herufi zitoe vivuli. Neno lililosomeka lilikuwa moja tu, na maana yake ni "mke wa".